Bana Magoti, Lopeti

Jumamosi soko la Talamahu, hapa kwetu visiwani Tonga, halipitiki. Lopeti alikuwa ameegemea nguzo, anachora watu, mara msichana wa meza ya mikeka akaja kusimama mbele yake: gauni la kijani, ua jeupe sikioni, nywele kazifunga juu kwa haraka.

"Huo si mkono wangu?"

"Ni wako. Samahani, ningeomba kwanza."

"Umeukosea. Kidole gumba hakikai hivyo."

Akamwonyesha, akiuzungusha mkono taratibu kama mtu aliyecheza ngoma tangu utotoni. Lopeti akasahau penseli. Alipoondoka sokoni alikuwa na namba yake ya simu, na jina lake: Lesieli.

Kazi ya Lopeti ni kuchora vitabu vya watoto. Kitabu kipya kilihusu binti mcheza ngoma aitwaye Fatai, na kwa ruhusa ya Lesieli alimpa sura yake. Basi ikawa kila jioni simu. "Fatai wako hajambo?" "Hajambo, ila mwenye sura kamzidi." "Maneno tu unayo wewe." Walipendana, hakuna aliyeficha.

Kisha mchapishaji akampa programu ya akili mnemba aijaribu. Unaipa mchoro mmoja, unaiambia mhusika akae, akimbie au apande mti, nayo inambadilisha pozi huku sura ikibaki ileile. Lopeti alifurahi mno. Akaiambia Fatai acheze ngoma. Watu wote husema programu hizi hukosea vidole, kwa hiyo akakagua vidole, akaviona sawa, akairusha picha kwenye kundi la vijana wa kanisa.

Magoti hakuyatazama, nayo yalikuwa yameachana. Jamani, mtoto wa Tonga na macho yake mawili! Kwetu binti akicheza hubana magoti mwanzo hadi mwisho. Wasichana hujifunza wakiwa wamebana karatasi katikati, ikianguka wanaanza upya. Tena Semisi, kaka yake Lesieli, aliifungua picha hiyo kwenye simu sebuleni, dada yake kaketi palepale. Kaka na dada huku hawatazami pamoja hata filamu ya mapenzi, sembuse sura ya dada mwenyewe katika pozi lile. Semisi aliinuka akatoka. Kesho yake akamtuma mama aseme: kwenye harusi ya Semisi iliyokuwa inakaribia, Lesieli asicheze.

Ngoma hiyo Lesieli alikuwa ameisubiri tangu kaka yake achumbie. Akampigia Lopeti.

"Umenivua nguo mbele ya kaka yangu."

"Lesi, si mimi, ile programu..."

"Programu ndiyo iliyoirusha?"

Lopeti akaanza kuomba radhi, Lesieli akamkatiza.

"Usinipigie tena."

Alijaribu kuirekebisha. Aliiambia programu ibane magoti, ikayabana ikainua mguu mmoja. Akaiambia ishushe mguu, magoti yakaachana tena. Haikuwa na nia mbaya. Hakuna mama aliyeipa karatasi ya kubana. Akamwandikia mchapishaji kwamba kukimbia na kupanda miti inaweza, ngoma yetu haijui. Akafuta picha, akaomba radhi kwenye kundi. Halafu akajifunga kiunoni mkeka mkuukuu uliochanika, ule wa kuombea msamaha, akaenda kuketi chini uani kwa Semisi, kichwa kainamisha.

Semisi alimwacha jua limchome kwanza, ndipo akatoka.

"Kosa ni langu, kaka," Lopeti alisema. "Dada yako hakufanya lolote. Niadhibu mimi, yeye mwache acheze."

Semisi alimtazama sana. "Wewe unajua kubana magoti?"

"Sijui."

"Kajifunze. Siku ya harusi utasimama nyuma yake."

Anayesimama nyuma ya mchezaji kazi yake ni kufanya vituko, ajifanye mjinga ili binti azidi kung'aa. Siku ilipofika, Lesieli alitoka akimeremeta mafuta ya nazi, manyoya kichwani, akaanza. Mara akasikia vicheko nyuma yake. Hakugeuka, mchezaji hageuki. Lopeti alikuwa anajivuta kwa hatua ndogondogo kama bata, magoti kayabana, jasho linamtiririka. Kina mama walicheka hadi wakashika mbavu, na bwana harusi naye akacheka.

Wimbo ulipokwisha Lopeti alimfuata Lesieli nyuma ya hema, bado anajivuta.

"Una nini wewe?"

Lopeti akainama, akachomoa katikati ya magoti karatasi iliyokunjamana. Alikuwa Fatai, kwa penseli, magoti pamoja. "Haijaanguka tangu uanze kucheza. Nilidhani nimekupoteza, Lesi. Nataka kukuoa."

Lesieli aliikunjua, akaitazama hadi machozi yakamlenga.

"Kidole gumba umekikosea tena," akasema, akamshika mkono akakipinda kidole chake pale kinapotakiwa kukaa. "Hivi. Sasa nenda kamwambie kaka yangu, mimi nimeshakubali. Na tembea kama watu."