Jina Langu Chini ya Somo la Nane

Ndugu zangu, na hasa ninyi akina mama na walimu wa Naviundu, ninayowaambia yalitokea nyumbani kwetu.

Nyumba ya kaka yangu mkubwa, ambaye sisi humwita Yaya Clément, ilikuwa na amani. Yeye ni mwalimu, na alikuwa akiandika mipango ya masomo ishirini, ile ambayo walimu huiita fishi. Ingechapwa iwe kitabu cha kuwafundishia akina mama ambao hawakusoma sana. Asubuhi aliandika mezani, mkewe Bijou akipika chai, nami nikimbeba binti yao mdogo, Numbi.

Msahihishaji wa kitabu, Mama Ramla, aliweka sharti moja: kila somo lijaribiwe kwanza na mtu ambaye hakumaliza shule, kisha jina lake liandikwe chini. Shule mimi niliiacha darasa la nne, kwa hiyo nikajitolea.

Yaya akacheka. "Weye? Utanichelewesha tu. Bantu ba darasa la nne banajua nini?"

Jumatatu moja Numbi akaanza kuharisha. Bijou hakuhangaika, maana somo la nane lilihusu maji ya sukari na chumvi.

"Joëlle, fanya sawa yaya yako aliandika," akaniambia.

Nikasoma polepole. Lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Vijiko sita vya chumvi. Nusu kijiko cha sukari. Chumvi niliiona nyingi mno, lakini nikajiambia: mimi ni nani nimkosoe mwalimu? Mnaona dharau inavyofanya kazi? Ikirudiwa sana, hata anayedharauliwa huiamini.

Nikachanganya vilevile, na Bijou alikuwa akiinua kikombe amnyweshe Numbi Mama Ramla alipopiga hodi, karatasi mkononi.

"Nani njo Joëlle? Hapa banaandika ulijaribu masomo yote ishirini."

Kabla ya siku hiyo sikuwa nimejaribu hata moja; Yaya aliliandika jina langu bila kuniambia. Yaya, aliyekuwa mezani pake, akanikazia macho ninyamaze. Nikamtazama Numbi, midomo imemkauka.

"Mama Numbi, ngoja!" nikasema. "Mama Ramla, sikujaribu kitu. Na hii maji iko na chumvi mingi. Minaogopa."

Mama Ramla akaonja, akatema. "Clément! Unataka kuua mutoto yako? Na batoto ba bengine, kitabu ikitoka?"

Yaya akakiri kosa. Alikuwa amenakili daftari lake la zamani kwa haraka, akaweka kipimo cha chumvi mahali pa cha sukari. Mama Ramla akamwaga yale maji, akatengeneza mengine: sukari vijiko sita vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai. Tukampeleka mtoto kituo cha afya huku akinywa kidogo kidogo. Siku ya tatu alikuwa akicheza.

Jioni hiyo Yaya aliniomba msamaha mbele ya mkewe. Tukaanza upya, somo la kwanza hadi la ishirini. La kumi na mbili sikulielewa, akaliandika mara tatu bila kunung'unika. Namshukuru Mungu kwa ajili ya Numbi. Namshukuru Mama Ramla aliyetaka kumwona mwenye jina. Na kaka yangu namshukuru pia, maana si kila mkubwa hukubali kurekebishwa na mdogo wake.

FUNDISHO

Usiandike jina la mtu kwenye kazi ambayo hakuifanya. Unayemwandikia ndiye akuambie kama umeeleweka, hata kama elimu yake ni ndogo. Nawe mwenye haya, ukiona hatari, sema. Mimi nilikaribia kuchelewa.