Mpiga Mishale wa Fundi

Duka la gemu lilijaa Jumamosi hiyo hadi watu wakapumuliana shingoni. Fundi cherehani aliingia na gauni la njano alilojishonea mwenyewe, nyuzi zikiwa bado zimemng'ang'ania mkononi. Mbele yake nesi mmoja mrefu, mwenye sare ya hospitali, alikuwa akimwapia muuzaji kwamba hakuna gemu ya mazimwi kuzidi Milima Saba.

"Samahani kaka, umecheza Njia ya Chumvi?" fundi akamkatiza.

"Nimejaribu. Mateso ya nini, dada? Milima Saba dunia yake pana, farasi wanaruka, na ukikosea unarudi pale uliposeva, ulipohifadhi mchezo."

"Ndiyo maana haina ladha. Yangu inaseva yenyewe kila hatua, hakuna kurudi nyuma. Una wenzako wanne tu, akifa mmoja hafufuki. Unawapenda kwa sababu hiyo."

"Nyie wawili," muuzaji akasema, "nunueni au mkaoane. Watu wanangoja."

Wakacheka, wakatoka na namba za simu.

Miezi minne ikapita, haipiti siku hawajapigiana.

"Umekula, Nesi wangu?"

"Nimeshiba sauti yako."

"Muongo wewe!"

Kulikuwa na dosari moja. Mara mbili nesi aliahidi kwenda kujitambulisha kwa shangazi aliyemlea fundi, na mara mbili akaahirisha. "Wiki ijayo, mpenzi." Fundi alimpenda, akanyamaza, jambo ambalo mimi simshauri mtu.

Nesi alipopata likizo akaazima Njia ya Chumvi ya fundi, na mashine yake ya kuchezea. Ndani ya gemu akafika kwenye lango la chuma. Kwa mazoea ya Milima Saba, akamtanguliza mpiga mishale, mmoja wa wale wenzake wanne, peke yake, aone tu kilichopo ndani. Jitu likamponda. Nesi akatafuta pa kurudi, hapakuwepo. Ikabidi apige simu.

"Fundi, usikasirike. Mpiga mishale wako amekufa. Nilikuwa najaribu tu."

Mkasi wa fundi ukasikika ukitua mezani.

"Mpenzi, ni gemu."

"Gemu nitaianza upya. Wewe je? Shangazi kavaa mara mbili, kakaa sebuleni anakungoja. Mara mbili! Kumbe na mimi unanijaribu tu?"

Akakata. Siku tisa hakupokea simu, na usiku alilia kimyakimya ili shangazi asisikie. Shangazi alisikia.

Jumapili alasiri nesi akabisha hodi, shati limepigwa pasi, uso umemsawajika.

"Wewe ndiye Wiki Ijayo?" shangazi akauliza.

"Ndiye mimi. Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Ingia, mlango haung'ati."

Fundi alikuwa kwenye cherehani, hakuinua kichwa. Nesi akakaa ukingoni mwa kiti.

"Shangazi, niliogopa. Nilijua nikiharibu mbele yako sina pa kurudi. Lakini siku hizi tisa nimeona kumkosa ndiko kubaya zaidi. Nimekuja kumposa. Mkinikataa, nikataeni leo."

"Asemaye kesho ni mwongo," shangazi akaitikia. "Lakini muulize mwenyewe."

Cherehani ilikuwa imeshanyamaza. Fundi akafuta macho, akavuta futi mezani, akamwendea.

"Simama."

Akampima mabega, kifua, mkono hadi kiganjani, akiandika kwenye kipande cha karatasi.

"Unapima nini?" nesi akanong'ona.

"Suti ya harusi. Tulia, kitambaa nikishakikata sirudii."