Springi ya Kitasa Ndani ya Geji

Mama Matairi amefanya kazi na kaka yake miaka tisa. Kaka huziba pancha. Yeye huwasha kompresa, hujaza upepo na kupima kwa geji.

Wiki ile matairi mawili aliyoyajaza yalipasuka barabarani. Maneno yakaanza. Mteja mmoja akasema upepo si kazi ya mwanamke, na mwingine akaongeza chumvi. Kaka, badala ya kumtetea dada yake, akamwambia aache kujaza upepo, akae pembeni aoshe rimu.

"Sitoki hapa," alisema Mama Matairi. "Geji ilisoma thelathini, nikajaza thelathini. Kama kuna mwongo, si mimi."

Akaipeleka geji kwa shangazi yao, fundi wa mizani aliye chumba cha pili. Kaka akamfuata. Shangazi aliigeuzageuza, akauliza nani aliifungua. Kaka akajikuna kisogo. Springi ya zamani ilishika kutu, akaitupa, akatia nyingine aliyoitoa kwenye kitasa kibovu. Iliingia sawasawa, alisema, hakuona haja ya kumwambia mtu.

Mama Matairi alikasirika. Siku zote hizo amesimangwa, na kaka amenyamaza.

"Upepo wa tairi husukuma springi," shangazi alieleza. "Springi nayo husukuma upepo. Vikitoshana nguvu, kijiti cha namba husimama, nawe unasoma. Sasa namba hizi ziliandikwa kwa springi ya kwanza. Hii ya kitasa ni ngumu. Haikubali kuminywa. Tairi limejaa kupita kiasi, yenyewe inakwambia bado."

Kaka akacheka. Kwake yeye springi ni springi tu. Mara honi ikalia nje. Lilikuwa gari la wagonjwa, limepita kujazwa upepo likiwa njiani kumchukua mama mwenye uchungu wa kujifungua. Kaka akainyakua geji, akajaza matairi yote manne yeye mwenyewe, akapima thelathini, akamwambia dereva aende.

Mama Matairi akasimama mbele ya gari. Dereva akapiga honi. Kaka akamwita mkaidi, akamwambia anawaaibisha.

"Nikanyage kwanza, ndipo uende," alimwambia dereva. "Au toa geji yako tupime."

Dereva alikuwa nayo kwenye sanduku la vifaa, mpya, bado ndani ya nailoni. Akaibonyeza kwenye tairi huku akinung'unika. Kijiti kikasoma arobaini na mbili. Akarudia. Arobaini na mbili ileile. Akampa Mama Matairi geji hiyo.

Mama Matairi akapunguza upepo, tairi moja baada ya jingine, hadi thelathini. Gari likaondoka.

Kaka akasema kwa sauti ya chini kwamba atatafuta springi laini kidogo. Dada yake akaiweka ile geji juu ya chuma, akaipiga nyundo mara moja.

"Springi ya kupimia haibahatishwi," alisema.

Wakanunua geji mbili mpya. Moja ni ya kazi, nyingine inakaa kwa shangazi. Kila Jumatatu wanapima tairi moja kwa zote mbili. Zikitofautiana, ya kazi inawekwa kando. Tangu hapo hakuna tairi lao lililopasuka.

Siku moja madereva watatu walisimamisha magari yao. Wakamuuliza kaka, yuko wapi yule mtu aliyezuia gari la wagonjwa.

"Ni mimi," alijibu Mama Matairi, mpira wa upepo mkononi. "Nani anaanza?"