Mkalimani wa Shangazi

Kila akitoka shule, Profesa alipitia kwa shangazi yake, fundi cherehani, kufagia vipande vya vitambaa na kupiga domo. Jina hilo la Profesa alijibandika mwenyewe. Alikuwa darasa la tano, na Kiingereza alichokuwa nacho kilikuwa rangi, viungo vya mwili, salamu na sentensi mbili tatu, basi. Lakini ukimsikia anavyojinadi, ungedhani amezaliwa nacho!

Siku moja akaingia jirani mpya, mama mgeni asiyejua Kiswahili hata kidogo, amekumbatia kitambaa kizito chenye maua. Akakitandaza mezani, akaanza kueleza kwa Kiingereza. Alieleza, mikono ikipanda na kushuka, mpaka shangazi akachoka kusimama.

"Profesa, anasemaje?"

Masikini, Profesa hakuambulia kitu. Lakini angesemaje, na wateja wengine wawili waliokuwa wakisubiri wamemkodolea macho?

"Anataka gauni, shangazi."

"Maneno yote hayo, gauni tu?"

"Gauni refu."

Shangazi akachukua futi kamba. Alipomzungushia kiunoni, yule mama akashtuka, akacheka, akasema mengi huku akionyesha kwa kidole upande wa nyumbani kwake.

"Na sasa?"

"Anasema usimbane sana."

Kesho yake Profesa alimkuta shangazi amekwisha kuchora kwa chaki, mkasi mkononi.

"Kitambaa hiki kimetoka mbali, madukani hakipo," shangazi alisema. "Nikikiharibu, nitamlipa nini mwenzangu? Na nani ataniletea kazi tena?"

Profesa aliona haya, aliogopa, na mkasi ulikuwa tayari umefunguka.

"Shangazi, usikate! Sikumwelewa hata neno moja!"

"Hata gauni?"

"Hata gauni."

"Ala! Na ile ya kubanwa?"

"Nilitunga."

Shangazi akabeba kitambaa kwa mkono mmoja, mpwa wake kwa mwingine, moja kwa moja mpaka kwa jirani. Mlangoni, Profesa akasema kwa Kiingereza sentensi moja aliyofundishwa wiki ya kwanza ya somo hilo, ambayo alikuwa hajawahi kuitumia: kwamba haelewi, tafadhali amwonyeshe.

Mama yule akatabasamu, akawashika mkono, akawaongoza hadi sebuleni. Akaonyesha madirisha mawili makubwa, matupu kabisa.

Mapazia!

Shangazi aliyatazama madirisha, akakitazama kitambaa, akaangua kicheko mpaka akajikuta ameketi bila kukaribishwa. "Na mimi nimempima mwenzangu kifua na kiuno!"

Walipokwisha kupima madirisha, wakarudi. Njiani kicheko kilimwisha shangazi.

"Mwanangu, kutojua si kosa. Wewe ni mwanafunzi, ndiyo kazi yako. Kosa ni kujifanya unajua, mtu mwingine akashika mkasi kwa kukuamini. Umeona? Kiingereza chako kimetusaidia pale tu uliposema huelewi."

"Ndiyo, shangazi," Profesa alijibu kwa sauti ndogo, na safari hii alikuwa ameelewa kila neno.