Aliyemwokota Kirukanjia

Gavina Piras alikuja soko la San Benedetto kununua jibini la kondoo, gauni lake la kijani likipangusa meza za samaki, akiwa na ile haraka ya watu wa Cagliari Jumamosi asubuhi. Alipoinua jibini kutoka kwenye nyasi kavu, akakuta limegandwa na donge jeusi la manyoya, refu kama kidole gumba.

"Samahani, dada, huo ni uchafu wa zizini," alisema muuzaji, Bachisio Tolu, masikio yamemwiva.

"Si uchafu. Kwenu kuna bundi. Hiki ndicho anachotema akishashiba." Akalipasua kwa kucha, akamwonyesha taya dogo kuliko punje ya mchele. "Nasafisha mifupa kwenye makumbusho. Niletee mengine."

"Na jibini?"

"Hilo nitanunua kwa mwingine."

Wakaanzia hapo. Kila Jumamosi Bachisio alishuka mlimani na mfuko wa karatasi, tarehe imeandikwa juu.

"Wenzangu wanaletewa maua," Gavina alimtania, kichwa begani pake. "Mimi matapishi ya bundi."

"Maua hayana mifupa, moyo wangu."

Mwezi wa Machi Gavina akampigia simu, pumzi zimembana. "Ni kirukanjia, Bachisio, yule mdogo kama panya, mwenye pua ndefu. Meno yake yana ncha nyekundu. Wa kwetu wote wana meno meupe. Huyu hajawahi kuandikwa kisiwani hapa."

Kisha gazeti likatoka: profesa wa bara amegundua mnyama mpya Sardinia. Picha ya profesa. Gavina hayumo, Bachisio hayumo, hata bundi hayumo. Watu wa bara waliokata misitu yetu wakailaza chini ya reli zao, wakatuachia migodi mitupu, sasa wamebeba hata kirukanjia. Sisi hatusahau. Ila hasira ya kutosahau nayo hupofusha.

"Umetuuza," Bachisio alimwambia kwenye simu.

"Nenda katazame lebo, Bachisio. Lebo ya..."

Bachisio akakata. Akaifungia namba yake.

Mwaka ukapita. Kila gauni la kijani sokoni lilimsimamisha kisu mkononi. Kipande kizuri cha jibini alikiweka kando hadi kikaota ukungu.

Siku moja akatia lile gazeti mfukoni, akaenda makumbusho kugombana. Mtunza funguo, bibi ambaye wote pale walimwita Shangazi Grazietta, akachagua ufunguo mmoja. Akavuta droo. Kichupa, fuvu kama ganda la dengu, na mwandiko wa Gavina: *Aliyeokota: Bachisio Tolu, muuza jibini.*

"Profesa alipoletewa fuvu alithibitishe, alitaka jina lake hapo," shangazi alisema. "Gavina akakataa kuandika upya. Mkataba wake haukuongezwa. Yuko Genova, huko bara, anafunga zawadi dukani. Na wewe ulikuwa wapi, mwanangu?"

Alipiga simu akiwa bado kwenye ngazi.

"Nani?"

"Muuza jibini." Akaketi kwenye ngazi. "Nilikukosea, Gavina. Nimeiona lebo. Nina mifuko hamsini na miwili."

"Mifuko ya nini?"

"Ya Jumamosi zote."

"Umenifungia namba, halafu ulikuwa unamwokotea nani?"

"Bundi hakuambiwa kuwa tumegombana."

Akasikia kicheko kikivunjika katikati, kikawa kitu kingine.

"Usiyapasue hayo madonge, utavunja mafuvu," Gavina alisema hatimaye. "Nakuja na meli ya Ijumaa. Anza kuandika lebo. Mahali, tarehe, aliyeokota."

"Na aliyesafisha?"

"Acha pengo. Nitajaza kwa mkono wangu."