Mtama Aliouacha Ambrosi

Dominika alikuwa porini tangu alfajiri, akichimba ming'oko. Ming'oko ni mizizi ya mwituni inayoliwa. Mwaka ule wa 1905, watu wengi wa Chiwata waliishi kwa ming'oko. Askari wa Mdachi walikuwa wamepita wakiwatafuta watu wa Maji Maji. Walichoma maghala yote, ya waliopigana na ya wasiopigana.

Alirudi nyumbani jua likiwa kali, mtoto wake Dastani mgongoni. Alimkuta jirani yake, Mwanaheri, ameketi kizingitini. Mwanaheri alikuwa mama wa Kiyao, mtu mzima, aliyelima Chiwata tangu usichana wake.

"Shikamoo, Mama Husseni."

"Marahaba, mwanangu. Umepata?"

"Nusu kapu. Mingine imekwenda chini sana."

"Na Dastani amekusaidia?"

"Amenisaidia kulia."

Walicheka kidogo. Waliosha ming'oko, wakaibandika jikoni.

"Mvua iko karibu," alisema Mwanaheri. "Mimi sina hata punje ya mtama. Wewe utapanda nini?"

Dominika hakuwa amemwambia mtu. Aliutazama moto, kisha akasema taratibu, "Mbegu ninazo. Mtama mweupe. Ambrosi aliniachia."

Ambrosi alikuwa mume wake. Alifanya kazi katika bustani ya Waingereza, kwenye misheni ya Masasi. Vita vilipokaribia, aliwabebea mizigo hadi Lindi. Huko alishikwa na homa, hakurudi.

"Siku ya kuondoka alinipa mbegu, akaniambia, keep. Ni neno la Kiingereza. Waingereza hulivuta, yeye alilikata: kip."

"Maana yake nini?"

"Tunza. Lakini alisema Waingereza hulitumia kwa mambo mengi. Kufuga kuku ni keep. Kutimiza ahadi ni keep. Kuendelea na jambo bila kuacha, keep. Hata kitu ukikichukua kiwe chako moja kwa moja, ni keep."

"Neno hilo halipumziki," alisema Mwanaheri. "Ni kama mkamwana aliyeolewa jana."

"Ambrosi alinitania nalo. Nikijipakulia paja la kuku, alikuwa akisema, 'Kip, Dominika, kip.'"

Mwanaheri alichochea moto.

"Umeziweka wapi?" aliuliza baadaye.

"Chini ya kitanda. Niliogopa askari. Nimefukia chungu ardhini, kama mama yangu alivyofanya kule Mkunya."

Mwanaheri aliacha kuchochea moto. "Mkunya ni juu, na ardhi ni mchanga. Ukimwaga maji asubuhi, adhuhuri huyaoni. Hapa tuko bondeni. Udongo wetu ni wa mfinyanzi, unashika maji. Tukifukue chungu."

"Hapana, mama. Nilimwahidi sitazigusa mpaka mvua inyeshe."

"Na mvua ikinyesha, ukakuta zimeoza? Ahadi utaitimiza kwa kitu gani?"

Dominika hakuwa na mbegu nyingine, wala mahali pa kuzipata. Alisimama, akachukua jembe.

Chungu kilitoka kimelowa. Mbegu za pembeni zilikuwa na ukungu. Nyingine zilikuwa zimechipua, na miche yake ilikuwa myeupe.

"Nimeziua," alisema Dominika.

"Hujaziua zote. Lete jamvi."

Waliketi, wakachagua punje moja moja. Zenye ukungu Mwanaheri aliziweka kando.

"Hizi tusile hata kwa njaa. Zinadhuru. Tuzifukie mbali, kuku wasizipate."

Mbegu nzima walizitandaza juu ya jamvi, si juu ya udongo mtupu. Kwa siku tatu Dominika alizianika juani na kuzigeuza. Jioni alizirudisha ndani, zisipate umande. Siku ya tatu Mwanaheri alimpa punje moja.

"Iume."

Punje ilivunjika kwa mlio.

"Imekauka. Ikibonyea tu, bado ina maji."

Walichekecha majivu makavu yaliyopoa, wakayachanganya na mbegu, wadudu wasiingie. Kisha walizitia katika kibuyu kikavu na kuziba mdomo wake kwa nta. Walikitundika juu ya jiko, mahali ambapo moshi hupita na joto si kali.

Walibakiza punje ishirini za kujaribia. Dominika alizifunga katika kitambaa kibichi. Siku ya nne alikifungua, akahesabu mara mbili. Kumi na nne zilikuwa zimechipua.

"Si haba," alisema Mwanaheri. "Kila shimo tia punje mbili zaidi ya kawaida."

Mvua ilinyesha wiki ya tatu. Dominika alifungua kibuyu, akapanda. Shamba halikujaa, lakini mtama ulisimama. Wakati wa mavuno alichagua masuke makubwa yasiyo na ugonjwa, akayatenga kwa mbegu kabla ya kula. Alijaza vibuyu viwili. Kimoja alimpelekea Mwanaheri.

Mwanaheri alikipokea kwa mikono miwili. Alikitundika juu ya jiko lake, akakipigapiga kwa kiganja.

"Kip," alikiambia. Kisha alimgeukia Dominika. "Nimelitamka sawasawa?"

"Hapana," alisema Dominika, akitabasamu. "Umelitamka kama Ambrosi."