Uligusa Joto?

Foleni ya dukani ilikuwa ndefu jioni ile, na watoto wawili walikuwa wakilia kwa kupokezana. Msichana mwenye gauni la njano la mikono mirefu alisimama na kikapu chake, akijikuna kifundo cha mkono mpaka pakawa pekundu.

"Usikune, dada," sauti ya kiume ikamwambia kutoka nyuma. "Unavisukuma ndani. Osha kwa maji baridi kwanza, halafu sabuni."

Akageuka. Kijana mrefu, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi, nyusi zimeungua ncha.

"Navisukuma nini?"

"Vipande vya nyuzi za kioo. Hapa mjini anayejikuna hivyo katoka kiwandani kwetu. Wewe ndiye mhandisi mgeni?"

"Na wewe ndiye nani, daktari wa ngozi?"

"Mimi naendesha tanuri. Wenzangu hata jina langu wamelisahau, wananiita Tanuri."

"Nyusi zako zimeshakutangaza," akasema, akacheka mpaka aliyekuwa mbele yake akageuka kutazama.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Haikuchukua muda kantini nzima ikajua kwa nini Tanuri siku hizi anapaka mafuta nywele anazokwenda kuzifunika kwa kofia ya kazi.

Msichana aliletwa pale kwa kazi moja: kubuni nozeli ya kutengenezea nyuzi bapa, yaani nyuzi za kioo zilizolala kama utepe badala ya kuwa duara. Kioo kilichoyeyuka hushuka juu ya bamba la platinamu, hupenya kwenye nozeli, yaani vitundu vyake, na kuvutwa chini kuwa uzi. Tundu la duara halina makuu. Uzi bapa unataka mpasuo mwembamba, na mpasuo huo ukikaa motoni hutuna katikati kama shavu la mpuliza filimbi. Nozeli za waliomtangulia zilituna mapema zikatupwa. Ya kwake aliijengea mbavu za kuushikilia mpasuo. Meneja alimpa jaribio moja tu: nozeli ikidumu, ataongoza kitengo, isipodumu, mkataba wake hautaendelea.

"Nyuzi zitakatika mwanzoni," alimwambia Tanuri kwenye simu, usiku wa kuamkia jaribio. "Ziache zikatike. Joto lisiguswe. Likizidi, kioo kinarudi duara na mpasuo unalegea. Umenisikia, mpenzi?"

"Nimekusikia, mhandisi wangu. Nikuite mhandisi au mama watoto?"

"Niite mama watoto ukishaweza kupika wali usioungua."

"Hapo umenionea!"

Asubuhi nyuzi zikakatika kweli. Zikaunganishwa, zikakatika. Meneja alikuwa njiani na wageni wenye suti, na msichana alikuwa getini kuwapokea, amevaa blauzi ya buluu aliyoazima kwa dada yake. Tanuri aliutazama mlango watakaoingilia, akaziona nyuzi zinadondoka kama mvi. Waendesha tanuri wote duniani wana dawa moja ya uzi unaokatika: kuongeza joto kidogo. Mkono wake ulikuwa umeizoea dawa hiyo miaka mingi. Ukaongeza.

Nyuzi zikatulia. Wageni wakapiga makofi. Msichana akamtazama Tanuri kwa macho yaliyojaa furaha, na yule mjinga, kwa mapenzi tu, akasahau kulirudisha joto mahali pake.

Haikupita wiki, nyuzi zikaanza kutoka duara. Nozeli ikatolewa: mpasuo umetuna, mbavu zimelala. Msichana akampigia simu.

"Niambie ukweli. Uligusa joto?"

Hapa ndipo mtu angeweza kusema ndiyo, mambo yakaisha kwa ugomvi wa siku mbili. Lakini Tanuri alizikumbuka zile mbavu ambazo msichana alizichora kwa miezi, akaogopa kuchukiwa.

"Sijaligusa, kipenzi."

"Kweli?"

"Haki ya nani tena. Sijaligusa."

Akamwamini. Akaingia kwenye kikao, akasema mbele ya wote: "Joto lilikuwa sawa. Kosa ni la nozeli yangu." Meneja akaandika, akafunga kalamu. Msichana akaambiwa amalizie mwezi.

Mwezi ule ulimkondesha. Dada yake alisema gauni la njano sasa linavaliwa na henga ya nguo. Tanuri alimpelekea matunda, akamfutia machozi, akamwambia, "Si kosa lako," na kila alipolisema, aliangalia pembeni. Mwishowe akaona njia ya kuyalipa yale machozi ni kumchumbia.

"Unioe nikiwa sina kazi?"

"Nikuoe hata ukiwa huna viatu."

Alikubali huku analia, na kilio kile kilimkata Tanuri maini.

Njia ya mwongo ni fupi. Akisafisha meza yake ya kazi, msichana alikata kipande cha nozeli, akakiweka chini ya hadubini. Chembe za platinamu zilikuwa zimevimba, kubwa kubwa, zimekumbatiana. Platinamu haivimbi hivyo kwenye joto alilolipanga. Akamwita Tanuri aje maabara.

"Tazama."

Tanuri akainama, akatazama. Hakuinua kichwa.

"Niliona wageni wanakuja," akasema. "Nilitaka ufurahi."

"Hilo ningekusamehe siku ile ile. Lakini nilikuuliza. Nilikuuliza mara mbili."

"Niliogopa kukupoteza."

"Ukaniacha nijitukane mbele ya watu."

Hakupayuka. Ingekuwa heri angepayuka.

Tanuri akapiga moyo konde, akaenda kwa meneja siku hiyo hiyo, akasema yote, na adhabu akaipokea bila kubisha. Meneja akaruhusu jaribio la pili kwa nozeli mpya. Halafu msichana akafanya jambo lililowashangaza wote: akaomba tanuri liendeshwe na Tanuri yule yule.

"Mkono wake ndio bora hapa," akasema.

Moyo wa Tanuri ukaruka. Alinyoa, akapiga pasi shati ambalo lingefunikwa na ovaroli. Kazini alivitaja viwango vya joto kwa sauti, kila baada ya muda, na kila mara msichana aliinuka kwenye kiti, akaenda mwenyewe kusoma kipimo. "Ndivyo," anasema, anarudi kukaa. Nyuzi zilikatika, zikaachwa zikatike, hatimaye zikatulia zenyewe. Wiki zikapita. Nozeli ilipotolewa, mpasuo ulikuwa umenyooka kama siku ulipokatwa. Wafanyakazi wakashangilia, meneja akampa msichana mkono, akamwita mkuu wa kitengo.

Watu walipotawanyika, Tanuri akamsogelea.

"Hongera, mpenzi. Sasa tuwe kama zamani, yaishe."

Msichana alikuwa analia, na hakuyaficha machozi.

"Nilikuomba wewe kwa sababu nilitaka kujijaribu," akasema. "Niliapa leo sitainuka. Ukinitajia joto, nitakuamini, nitakaa. Nikainuka. Kesho yake nikaapa tena, nikainuka. Wiki zote hizi hukusema uongo hata mara moja, na mimi sikukaa hata mara moja."

"Nitangoja. Mwaka, miaka..."

"Nakupenda, na hilo ndilo linaloniua. Lakini nikiolewa na wewe, utasema umetoka kazini, nitainuka. Utasema mtoto amelala, nitainuka. Nitakuzeesha na nitazeeka."

Tanuri akagundua kwamba kila neno atakalosema, msichana atalazimika kwenda kulihakiki. Akamshika mkono, akaubusu, akauachia.

"Nenda," akasema. "Uko sahihi."

Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya hadubini, msichana alimwamini bila kwenda kutazama. Akatoka.